Fimbo za gofu za urefu mmoja: zinamfaa nani, na hupimwaje?

Tangu Bryson DeChambeau wa Marekani anyakue taji la U.S. Open kwa mara ya pili, mwezi Juni 2024 katika uwanja wa Pinehurst No. 2, kuna swali ambalo halitoki midomoni mwa wacheza gofu wa mwisho wa wiki: ikiwa bingwa huyu hutumia fimbo za chuma zenye urefu mmoja, mimi ninang'ang'ania nini na fimbo zangu zinazopishana kama vidato vya ngazi? Wapo wanaouliza kwa utani, wapo wanaouliza kwa dhati, na wapo waliokwisha kumkabidhi fundi mfuko mzima wakamwambia akate. Makala haya yamekusudiwa hasa kwa kundi hilo la tatu, ikiwa msumeno bado haujagusa mpini.

Tuanze na vitu vyenyewe. Kanuni za mchezo, zinazosimamiwa na mashirika ya R&A na USGA, humruhusu mchezaji kuingia uwanjani na fimbo zisizozidi 14. Miongoni mwake huwa na draiva na fimbo nyingine ziitwazo za mbao, ingawa mbao yenyewe ilishatoweka zamani, fimbo ya kuputi, yaani ya kuubingirisha mpira shimoni, na kundi lililo kubwa kuliko yote, yaani fimbo za chuma, ambazo aghalabu huanzia namba 4 au 5, zikaendelea hadi namba 9, kisha zikafuatiwa na weji, fimbo fupi za mapigo ya karibu. Ubishi wa urefu mmoja unahusu kundi hili la chuma peke yake. Hata DeChambeau mwenyewe hana mfuko wa fimbo 14 zenye urefu sawa. Draiva yake ni ndefu kama draiva za wengine.

Kila fimbo ya chuma ina kichwa kinachogonga mpira, mpini unaokibeba kichwa hicho, na kishikio ambacho mikono hukamata. Fundi anapoipima huangalia mambo manne. La kwanza ni urefu, ambao hupimwa kwa inchi duniani kote, hata katika nchi zinazotumia mita. La pili ni mlalo wa uso, yaani kiasi ambacho uso wa kichwa umelala nyuma badala ya kusimama wima: uso uliolala kidogo hupeleka mpira mbali na chini, na uliolala sana huurusha juu na kuutua karibu. La tatu ni pembe ya mpini, yaani pembe iliyopo kati ya mpini na ardhi pale soli ya kichwa inapokaa sawasawa chini. La nne ni uzito wa kichwa. Anayeyaelewa haya manne anaweza kufuatilia mjadala wote bila kuhitaji shahada ya fizikia, tofauti na DeChambeau, ambaye somo hilo ndilo alilolisomea katika chuo kikuu cha Southern Methodist huko Dallas.

Katika seti ya kawaida, mambo hayo manne hubadilika kwa pamoja. Viwango hutofautiana kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine, lakini mpangilio unaofahamika ni kwamba kila namba hupungua nusu inchi kutoka ile iliyoitangulia. Ikiwa namba 4 ina inchi 38.5, namba 7 itakuwa na inchi 37, na weji inayofuata baada ya namba 9 itakuwa na inchi 35.5. Wakati urefu unapungua, uzito wa kichwa huongezeka kwa gramu 7 hivi kila hatua, kiasi kwamba kichwa cha namba 7 huwa karibu na gramu 268 ilhali cha namba 4 huwa karibu na gramu 247. Mlalo nao huongezeka kwa digrii 3 hadi 4 au zaidi kidogo, na mpini husimama zaidi kwa nusu digrii au zaidi, kwa sababu fimbo fupi humleta mchezaji karibu na mpira.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini vichwa vya fimbo fupi viongezwe uzito, maana akili ya haraka ingedhani kitu kifupi kinastahili kuwa chepesi. Chukua nyundo. Ishike mwisho wa mpini uitikise, kisha ishike karibu na kichwa uitikise tena. Nyundo ni ileile na gramu zake ni zilezile, lakini mara ya pili mkono utaapa kwamba imekuwa nyepesi. Fimbo ya gofu iliyofupishwa hufanya vivyo hivyo, na ili mkono uhisi mzigo uleule katika kila namba, kichwa hulazimika kuongezewa uzito kadiri mpini unavyopungua. Mafundi wana mizani maalumu ya kupima mzigo huo unaohisiwa, na vipimo vyake huandikwa kwa herufi na tarakimu kuanzia A0 hadi G10. Fimbo nyingi za wanaume hutoka kiwandani zikiwa kati ya D0 na D2, na za wanawake huwa katika herufi C. Jambo la kushika hapa ni ulinganifu wa vipimo vyenyewe: nusu inchi ya urefu ni sawa na pointi 3 za mizani hiyo, na gramu 2 za kichwa ni sawa na pointi 1. Tutaihitaji hesabu hii tutakaporudi kwa yule fundi mwenye msumeno.

Seti ya urefu mmoja huachana na ngazi hiyo. Mtengenezaji huchagua urefu mmoja, kwa kawaida ule wa namba 7 au namba 8, akavipa vichwa vyote uzito unaokaribiana na mipini yote pembe moja, kisha akaacha kitu kimoja tu kibadilike kutoka fimbo hadi fimbo, nacho ni mlalo wa uso. Mchezaji husimama umbali uleule kutoka kwenye mpira, akainama kwa kiasi kilekile, akauweka mpira mahali palepale kati ya miguu yake, akazungusha fimbo kwa namna ileile, iwe ameshika namba 5 au namba 9. Madai ya wanaoziuza ni kwamba mwili hujifunza mzungusho mmoja badala ya minane.

Hapo ndipo inapozuka dhana inayosikika kuliko zote: kwamba fimbo zikiwa na urefu sawa, mipira nayo itaenda umbali sawa. Sivyo. Fikiria bomba la kumwagilia bustani. Msukumo wa maji haubadiliki, lakini ukilielekeza bomba juu zaidi maji huanguka karibu na miguu yako, na ukilishusha kidogo hufika kwenye ua wa jirani. Mlalo wa uso hufanya kazi hiyo na nyingine ya ziada: uso uliosimama huugonga mpira kifua kwa kifua na kuupa karibu nguvu yote, ilhali uso uliolala hupita kama unaokwangua chini yake, sehemu ya nguvu ikaishia katika kuuzungusha mpira nyumanyuma badala ya kuupeleka mbele. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tofauti ya umbali kati ya namba 5 na namba 9 hutokana na mlalo, wala si urefu wa mpini.

Sehemu kubwa, lakini si yote. Na katika kile kidogo kilichobaki ndimo matatizo ya fimbo hizi yalimo. Mpini mrefu humsaidia mchezaji kukipeleka kichwa kwa kasi zaidi. Namba 4 ikikatwa hadi urefu wa namba 7 hupoteza kidogo ya kasi hiyo, na mpira wake hupaa chini kuliko inavyopaswa. Weji nayo ikirefushwa hadi urefu wa namba 7 hupata kasi ambayo haikuitaka, na mpira wake hupaa juu na kwenda mbali kuliko mchezaji alivyozoea. Namba za chini zinarudi nyuma, za juu zinasogea mbele, na nafasi kati ya fimbo na fimbo zinabanwa kutoka pande zote mbili. Kampuni ya Tommy Armour ilijaribu kuuza seti ya namna hii, iliyoitwa EQL, mwishoni mwa miaka ya 1980, na ni kubanwa huko kwa nafasi kunakotajwa mara nyingi kuwa sababu ya wachezaji kutoikumbatia.

Zilirudi sokoni kwa kishindo karibu miaka thelathini baadaye. Mbunifu Tom Wishon alitoa vichwa vya Sterling mwaka 2016 akitumia urefu wa namba 8, na ili kuzisaidia namba za chini alizipa uso mwembamba unaorusha mpira kwa nguvu zaidi, huku namba za juu akiziacha na uso wa kawaida. Cobra, iliyokuwa imemsajili DeChambeau mwaka 2016 alipoingia rasmi katika gofu ya kulipwa, ikaleta seti zake za urefu wa namba 7 mwaka 2017. Tofauti kati ya kizazi hiki na kile cha EQL ni kwamba wabunifu sasa wanakiri udhaifu wa fimbo zao mapema na kuutibu kwenye chuma chenyewe, na anayenunua leo ana haki ya kuuliza namba za chini zimetibiwa kwa njia gani. Muuzaji asiyekuwa na jibu anakuuzia fimbo zilizokatwa tu.

Kuhusu DeChambeau mwenyewe, ni vyema tueleze kisa chake kwa kituo, kwa sababu wengi hukichukua kipande kimoja wakakiacha kingine. Alianza kutumia fimbo za urefu mmoja mwaka 2011 akiwa na miaka 17, akishirikiana na kocha wake Mike Schy huko California. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa wanafunzi wa vyuo wa Marekani na U.S. Amateur katika msimu uleule, kisha akachukua U.S. Open mwaka 2020 Winged Foot, na tena 2024. Fimbo zake za chuma zina inchi 37.5, ambao katika seti nyingi ni urefu wa namba 6. Pembe ya mipini yake imesimama kuliko ya karibu wachezaji wote wa kiwango chake, vishikio vyake ni vinene mno, na mzungusho wake wote umejengwa juu ya mikono na mpini kukaa karibu katika mstari mmoja. Mwaka 2024 alifika kwenye mashindano makubwa ya Masters akiwa na vichwa vya kampuni ya Avoda vilivyochapwa kwa printa ya 3D, vikiwa na uso uliobinuka kidogo. Huo ni mfumo mzima ulioshonwa juu ya mwili wa mtu mmoja, nao una kiungo ambacho wengi wetu hatuna: kasi. Anayezungusha fimbo kwa kasi kama yake hahangaiki na namba 4 kupoteza kidogo, kwa sababu ana akiba ya kutosha kuurusha mpira juu. Mchezaji wa hendikapu 20, yaani anayehitaji mikwaju 20 hivi ya ziada kwa raundi, hana akiba hiyo. Ikiwa urefu mmoja peke yake ungekuwa siri ya ubingwa, mifuko ya wachezaji wa kulipwa ingeshajaa fimbo hizo, lakini wengi mno kati yao bado wanatumia ngazi ya nusu inchi.

Basi zinamfaa nani? Jibu langu ni kwamba urefu mmoja haupunguzi ugumu wa gofu. Unauhamisha kutoka mwilini kwenda kwenye chuma. Mwili unapumzishwa kazi ya kujirekebisha kila namba inapobadilika, lakini kazi ya kutenganisha umbali, ambayo zamani ilifanywa na urefu na mlalo kwa ushirikiano, sasa inabebwa na mlalo peke yake. Uhamisho huo una faida kwa mtu ambaye shida yake iko mwilini na ni hasara kwa mtu ambaye shida yake iko kwenye kasi, na kuna njia ya kujua wewe ni yupi bila kubahatisha.

Nenda kwenye uwanja wa mazoezi na seti uliyo nayo. Paka uso wa namba 8 poda ya kunyunyiza, ile inayouzwa kwa ajili ya miguu, piga mipira kumi, uangalie alama zilizobaki zimekaa wapi, kisha ufanye hivyo kwa namba 5. Ikiwa alama za namba 8 zimekusanyika katikati kama punje za hindi na za namba 5 zimetawanyika kuanzia kisiginoni, upande wa mpini, hadi nchani, mwili wako unaweza kuuzungusha mpini wa inchi 36.5 lakini unashindwa kuumudu wa inchi 38, na urefu mmoja una jambo la kukupa. Ikiwa alama zimetulia katikati kwa fimbo zote mbili lakini mpira wa namba 5 hauendi mbali kuliko wa namba 6, au unaanguka bila kupaa, tatizo ni kasi. Kuifupisha namba 5 kutaliongeza, nawe utahudumiwa vizuri zaidi na haibridi, fimbo iliyo kati ya chuma na mbao, ambayo kichwa chake kipana huurusha mpira kwa urahisi. Wapo pia wanaotawanya alama kwa fimbo zote mbili, na hao nitawarudia mwishoni.

Aliyepita jaribio hilo anaingia katika kuchagua urefu wenyewe, na hapa mazoea ya kuangalia kimo cha mtu humpotosha mchezaji na muuzaji kwa pamoja. Watu wawili wenye kimo cha mita 1.80 wanaweza kuhitaji fimbo tofauti kwa sababu mmoja ana mikono mirefu inayokaribia magoti na mwingine ana mikono mifupi. Kipimo cha kuanzia ni umbali kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi sakafuni mtu akiwa amesimama wima na viatu vya gofu miguuni. Nasema cha kuanzia, kwa sababu mwamuzi wa mwisho ni ile poda. Fundi makini hukupa namba 7 za majaribio zenye urefu unaopishana kwa nusu inchi, akatazama ni ipi inayokusanya alama katikati, na huo ndio urefu wako hata kama jedwali linasema vingine. Mwelekeo wangu binafsi ni kumwambia anayeyumba kati ya urefu wa namba 7 na wa namba 8 achague ule mfupi ikiwa anapoteza mapigo mengi karibu na kijani, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, kwa sababu weji ndefu ndiyo inayowasumbua watu kwa muda mrefu zaidi, na achague ule mrefu ikiwa kasi yake ni ya wastani na anahitaji namba 5 imfikishe mahali.

Kinachofuata ni pembe ya mpini, na ningeomba msomaji asiipite haraka, maana ndiyo inayoamua mpira uende kushoto au kulia. Mpini ukisimama kupita kiasi, ncha ya kichwa huinuka wakati wa kugonga na mpira wa anayetumia mkono wa kulia huvutwa kushoto. Ukilala kupita kiasi, kisigino huinuka na mpira huenda kulia. Kadiri uso ulivyolala zaidi, ndivyo kosa lilelile la pembe linavyougeuza mpira zaidi. Chukua kosa la digrii 2. Kwa weji yenye mlalo wa digrii 46 inayopigwa mita 110, hesabu ya pembe inatoa upotevu wa mita 4 hivi pembeni. Kwa namba 4 yenye mlalo wa digrii 21 inayopigwa mita 165, upotevu ni mita 2 na kitu, ingawa mpira umeenda mbali zaidi. Katika seti ya kawaida kosa la pembe linaweza kuwamo katika fimbo mbili tatu na lisiwemo katika nyingine. Katika seti ya urefu mmoja pembe ni moja, kwa hiyo ikikosewa imekosewa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mfuko, na weji, ambayo ndiyo unayoitegemea ikutue karibu na shimo, itaathirika kuliko zote. Uzuri ni kwamba ikipatikana, nayo imepatikana kwa zote. Njia ya kuipima ni rahisi: chora mstari wima kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya mpira, piga, kisha tazama mstari uliohamia kwenye uso wa fimbo. Ukiwa umesimama wima, pembe ni yako. Ukiwa umeinama, fundi aikunje shingo ya kichwa, pale mpini unapoingia. Vichwa vilivyofuliwa hukunjika vizuri, vile vya kumiminwa katika kalibu hukubali kidogo tu, na digrii 2 huwa ndiyo mipaka ya busara.

Mpini wenyewe, uzito wake na ugumu wake, huchaguliwa kama unavyochaguliwa katika seti yoyote, kwa hiyo sitakaa hapo. Itoshe kusema kwamba mpini mmoja ukishapatikana hutumika kwa fimbo zote, jambo linalomrahisishia fundi kazi.

Nafasi kati ya fimbo na fimbo, kwa upande mwingine, haziwezi kukadiriwa kwa macho. Hapa ndipo mitambo ya kupima mpira, kama ile ya rada ya TrackMan au ya kamera ya Foresight, inapostahili ada yake. Piga mipira kadhaa kwa kila namba, ondoa iliyoharibika, kisha linganisha umbali ambao mpira umeruka kabla ya kugusa ardhi. Unatafuta hatua za mita 10 hadi 12 zinazolingana. Ukikuta namba 9 na namba 8 zimeachana mita 11, namba 8 na 7 mita 10, namba 7 na 6 mita 7, kisha namba 6 na 5 mita 3, mtambo umekuambia kwamba seti yako ya urefu mmoja inakoma kwenye namba 6, na pale ilipokuwa namba 5 pawekwe haibridi au fimbo ya mbao. Upande wa pili wa seti nao utazamwe. Weji yenye urefu wa namba 7 inafaa kwa pigo kamili, lakini kwa mpira wa kudonoa ukiwa hatua kumi kutoka kijani, au kutoka mchangani, watu wengi huiona kama kuchota chumvi kwa upawa. Hakuna kanuni inayokulazimisha uendelee na urefu mmoja hadi kwenye weji ya mchangani, na binafsi ningeziacha weji mbili za mwisho katika urefu wao wa kawaida.

Wachezaji wa Afrika Mashariki wanaongezewa jambo ambalo vitabu vya maelekezo vya Ulaya havilitaji sana, nalo ni mwinuko. Nairobi, yenye viwanja kama Muthaiga na Karen, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi huufanya mpira uruke mbali zaidi kuliko Dar es Salaam au Mombasa. Lakini hewa hiyo pia huuinua mpira kwa nguvu ndogo zaidi, hivyo njia yake angani huwa tambarare zaidi. Namba za chini za urefu mmoja, ambazo tayari zina upungufu wa kupaa, hukumbana na upungufu wa pili huko juu: zitaenda mbali ya kutosha, ila zitatua kwa pembe ndogo na kubingirika hadi nyuma ya kijani. Anayepimiwa fimbo Nairobi akacheza zaidi pwani, au kinyume chake, amwambie fundi mapema, maana namba zilizoonekana kuachana vizuri mahali pamoja zinaweza kuonekana tofauti kwingine.

Sasa turudi kwa fundi na msumeno wake, maana gharama ya seti mpya ndiyo inayowapeleka watu kwake. Tuseme ana seti ya kawaida na anataka yote iwe inchi 37. Namba 4 itakatwa inchi 1.5, na kwa ile hesabu yetu ya pointi 3 kwa kila nusu inchi, itapoteza pointi 9: kutoka D1 itashuka hadi C2, na mkono utahisi kama umeshika fimbo ya mtoto. Weji itarefushwa inchi 1.5 kwa kipande cha ndani ya mpini, itapanda pointi 9 hadi E0, na mkono utahisi umeshika shoka. Kuirudisha namba 4 pale ilipokuwa kunahitaji gramu 18 za ziada kichwani, na utepe wa risasi wa kiasi hicho hauonekani vizuri wala haukai kwa amani. Kuipunguza weji gramu 18 ni kukikwangua chuma, kazi ambayo huharibu soli. Bado hatujazungumzia pembe, ambayo katika namba 4 ilikuwa imelala na katika weji ilikuwa imesimama, na zote zinatakiwa zikutane katikati. Kwa hiyo fimbo za kawaida zilizokatwa zikalingana urefu hazijawa seti ya urefu mmoja. Aliyetengeneza vichwa vya urefu mmoja alivipa uzito unaokaribiana tangu kwenye kalibu, na uzito huo ndio unaolipiwa.

Lipo swali la mwisho linaloulizwa kwa sauti ya chini, kama linahusu jambo la aibu: je, zinaruhusiwa mashindanoni? Zinaruhusiwa kabisa. Kanuni huweka kikomo cha inchi 48 kwa urefu wa fimbo isiyo ya kuputi, na kiwango cha chini cha inchi 18, lakini hazisemi popote kwamba namba 5 lazima iwe ndefu kuliko namba 9. Wala si fimbo za wanaoanza tu, kama inavyodhaniwa. Anayeanza asiyekuwa na kasi anaweza kuteseka nazo kuliko mchezaji wa miaka kumi mwenye kasi lakini asiyetulia na mipini mirefu.

Wale niliosema nitawarudia, ambao poda iliwaonyesha alama zilizotawanyika kwa namba 8 na kwa namba 5 sawasawa, wasinunue chochote kwa sasa. Saa chache na mwalimu zitawabadilisha kuliko chuma kipya, na jaribio la poda lirudiwe baada ya hapo. Wengine wote nawashauri waanze na fimbo moja. Vichwa vya urefu mmoja huweza kununuliwa kimoja kimoja kutoka kwa baadhi ya watengenezaji, na fundi anaweza kukutengenezea namba 5 yenye urefu na pembe ya namba 7 yako unayoipenda. Icheze mwezi mmoja. Mkono ukiizoea, endelea na nyingine. Ukiendelea kuitafuta ile ya zamani, umepoteza bei ya fimbo moja, na ya zamani bado ipo. Ila siku ya mashindano hesabu mfuko kabla ya kuanza, kwa sababu namba 5 mbili ni fimbo mbili, na zikifika 15 utaongezewa mikwaju 2 kwa kila shimo ulilocheza hivyo, hadi mikwaju 4, na hakuna mwamuzi atakayekusamehe kwa kuwa ulikuwa kwenye majaribio.